John Snow: Daktari aliyewahesabu aliowatia usingizi

Hapa kwetu Pwani, mtu akiambiwa na daktari kwamba ni lazima apasuliwe, mara nyingi kinachomtisha si kisu. Kinachomtisha ni nusu kaputi. Wazee kwa vijana huuliza swali lile lile: je, nikishatiwa usingizi, nitaamka? Majirani nao huja na visa vyao. Huyu aliamka akatapika kutwa nzima, yule hakuamka tena. Mgonjwa akabaki na moyo mzito kuliko ugonjwa wenyewe.

Swali hilo si la kijinga, wala si letu peke yetu. Yuko mtu aliyelifanya kuwa kazi ya maisha yake zaidi ya miaka 170 iliyopita, naye ni John Snow, tabibu wa Kiingereza. Waliopitia vyuo vya afya wanamjua kama yule daktari wa London aliyesababisha mkono wa bomba la maji ung'olewe wakati wa kipindupindu. Kisa hicho ni cha kweli, lakini ni nusu tu ya habari zake. Kazi iliyomlisha, na aliyokuwa akiiandikia kitabu hadi siku aliyoanguka, ilikuwa ni kuwatia usingizi wagonjwa wa upasuaji, na kuchunguza kwa nini baadhi yao hawakuamka.

Mtoto wa kibarua

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa watu wa chini, karibu na mto Ouse ambao ulikuwa na desturi ya kufurika. Baba yake, William, alikuwa kibarua kwenye ua la makaa ya mawe. Mama yake aliitwa Frances. John alikuwa kifungua mimba katika watoto tisa.

Alipofika miaka 14, mwaka 1827, wazazi wake walimpeleka Newcastle akawe mwanagenzi wa daktari mmoja aliyeitwa William Hardcastle. Zama hizo ndivyo udaktari ulivyosomwa na mtoto asiyekuwa na jina la ukoo wala mali. Aliingia kwa bwana wake, akasaga dawa, akafunga vidonda, akatumwa usiku na mchana, na hivyo akajifunza. Kipindupindu kilipoingia Uingereza kwa mara ya kwanza, mwaka 1831, kijana huyu alitumwa kuwahudumia wachimba makaa wa Killingworth. Aliwaona wakifa wengi, na hakuwa na dawa ya kuwasaidia. Hakuyasahau aliyoyaona huko.

Ujanani mwake alijiwekea masharti ambayo wenzake waliyaona ya ajabu. Akiwa na miaka kama 17 aliacha kula nyama. Pombe hakuigusa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hata akawa anawahimiza wengine kuiacha. Maji ya kunywa naye ilikuwa lazima yawe yamesafishwa. Hakuoa. Alikuwa mtu wa kimya, mwenye sauti ya kukwaruza iliyowapa watu shida kumsikia akisimama mkutanini. Mara za mwanzo alipozungumza mbele ya madaktari wa London, wengi hawakumjali.

London alifika mwaka 1836, baada ya safari ndefu ya miguu iliyomzungusha kupitia Liverpool, Wales na Bath. Akasoma, akafaulu mtihani wa chuo cha wapasuaji mwaka 1838, na mwaka 1844 akapata shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London. Alipanga nyumba mtaa wa Frith, huko Soho, akingoja wagonjwa waje. Walikuwa wachache, kwa hiyo saa zake nyingi alizitumia kusoma juu ya pumzi. Alitaka kujua hewa inavyoingia kifuani, inavyopita kwenye damu, na kinachotokea ikikosekana. Mwaka 1841 alikuwa amekwisha kuwasomea madaktari wenzake makala kuhusu watoto wanaozaliwa bila kuvuta pumzi na namna ya kuwahuisha. Hakujua kwamba elimu hiyo ya pumzi ilikuwa ikimwandalia kazi ambayo bado haijazaliwa.

Etha yavuka bahari

Kabla ya mwaka 1846, kupasuliwa kulikuwa ni kushikwa na wanaume wenye nguvu huku ukipiga mayowe. Mpasuaji bora alikuwa yule mwenye mkono mwepesi. Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu kwa dakika chache tu. Hapakuwa na nafasi ya kazi ya taratibu ndani ya tumbo wala kifua, maana hakuna mwanadamu angestahimili.

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, mtabibu wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na uvimbe wa shingoni ukapasuliwa bila mgonjwa kulia. Habari hiyo ilipanda meli. Desemba haijaisha, etha ilikuwa imekwisha kutumika London, na Liston mwenyewe alimkata mguu mgonjwa aliyetiwa usingizi tarehe 21 mwezi huo.

Snow naye aliishuhudia siku chache baadaye. Wenzake walishangilia. Yeye aliona jambo lililomsumbua: safari hii mgonjwa kalala vizuri, safari ile kachachamaa na kupigana, na ya tatu kalala mno hata pumzi ikawa shida. Dawa ni ile ile na chombo ni kile kile. Kwa nini basi matokeo hayafanani?

Jibu alilipata katika elimu ya hewa. Etha ni kiowevu kinachogeuka mvuke upesi, na kiasi cha mvuke kinachochukuliwa na hewa hutegemea joto. Chumba kikiwa na baridi, mgonjwa huvuta mvuke kidogo. Kikiwa na joto, huvuta mwingi. Waliokuwa wakitumia vyombo vile vya mwanzo hawakujua wanampa mgonjwa kiasi gani. Mwezi Januari 1847, wiki chache tu tangu etha ifike, Snow alikuwa tayari ametengeneza jedwali la kuonyesha nguvu ya mvuke katika kila kipimo cha joto. Kisha akaunda chombo chake, kilichokaa ndani ya maji ili joto lisibadilike, na barakoa ya kufunika mdomo na pua iliyoweza kuongezwa hewa safi polepole.

Akaenda hospitali ya St George's, ambako etha ilikuwa haijafanikiwa vizuri, akaomba aijaribu yeye. Ikafanikiwa. Tangu hapo wapasuaji wakubwa wa London wakawa wanamwita. Kabla mwaka 1847 haujaisha alitoa kitabu juu ya etha, na ndani yake akagawanya usingizi huo katika daraja tano. Ya kwanza mgonjwa bado anajijua. Ya nne mwili wote umelegea na kilichobaki ni pumzi tu. Ya tano pumzi yenyewe inakatika, na hiyo aliiona kwa wanyama wa majaribio tu, akaonya kwamba mwanadamu asifikishwe huko. Kwa mara ya kwanza mtu aliyesimama kichwani pa mgonjwa alikuwa na dira ya kumwonyesha amefika wapi.

Msichana wa Winlaton

Mwezi Novemba mwaka huo huo, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alileta dawa mpya, klorofomu. Ilikuwa na harufu nzuri kuliko etha, iliwahi kumtia mtu usingizi, na haikuhitaji chombo. Matone machache kwenye kitambaa puani yalitosha. Madaktari wengi waliitupa etha wakaikimbilia.

Tarehe 28 Januari 1848, huko Winlaton karibu na Newcastle, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener aliletwa kung'olewa ukucha wa mguu. Ni kazi ndogo sana. Aliwekewa kitambaa chenye klorofomu, na baada ya dakika chache alikuwa amekufa. Yeye ndiye wa kwanza kujulikana kufa kwa klorofomu, na habari zake ziliwashtua wengi.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Simpson alishikilia kwamba si klorofomu iliyomwua, bali maji na brandi aliyomiminiwa kinywani alipokuwa amezimia, vikampalia. Kila kifo kilichofuata kilipewa sababu yake. Wako waliosema mgonjwa alikufa kwa hofu. Wako waliosema moyo wake ulikuwa mbovu. Wako waliosema kuna watu tu ambao miili yao haikubaliani na dawa, na hakuna wa kulaumiwa.

Snow hakuridhika na majibu ya kufunga mjadala. Alirudi chumbani kwake, akapima. Aligundua kwamba mnyama akivuta hewa yenye klorofomu ya asilimia 4 au 5, hulala polepole, na akizidishiwa pumzi hukatika kabla ya moyo, hivyo aliye macho hupata onyo na nafasi ya kuondoa dawa. Lakini hewa ikiwa na asilimia 8 hadi 10, moyo unaweza kusimama ghafla, bila onyo. Basi kitambaa ndicho kilichokuwa na hatari. Anayemwagia klorofomu kwenye kitambaa na kukibana puani hajui kama ampa mgonjwa asilimia 4 au 10. Akaunda chombo kingine, cha klorofomu, cha kuuzuia mvuke usipite kipimo.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Snow aliona kwamba na uhai ni vivyo hivyo.

Kuanzia Julai 1848 hadi Juni 1858, kwa miaka kumi, aliandika habari za wagonjwa aliowatia usingizi. Tarehe, jina, umri, maradhi, nani alipasua, dawa gani imetumika na kwa njia gani, mgonjwa alilala vipi, alitapika au hakutapika, na pale alipoweza kupata habari, aliendeleaje baadaye. Walikuwamo watoto wachanga wenye mdomo uliopasuka, wazee wenye mawe kwenye kibofu, akina mama wenye uvimbe wa matiti, watu wa kung'olewa meno, wenye mshipa uliojifunga. Wagonjwa aliowapa klorofomu walizidi 4,000. Madaftari matatu ya kazi hiyo yapo mpaka leo katika chuo cha matabibu cha London.

Hakuishia kwa wagonjwa wake. Alikusanya habari za watu 50 waliokufa kwa klorofomu mikononi mwa madaktari wengine, akavipitia visa hivyo kimoja kimoja. Kilichojitokeza kilikuwa kinyume na walivyodhani watu. Waliokufa hawakuwa mahututi walioingia kwenye upasuaji mkubwa. Wengi wao walikuwa wenye nguvu zao, katika kazi ndogo kama ya jino au ukucha, na walikufa ghafla, mara nyingi mwanzoni kabisa, hata kabla ya kisu kuguswa. Kama tatizo lingekuwa moyo mbovu au udhaifu wa mwili, wazee na wagonjwa wa muda mrefu ndio wangetangulia. Kwa hesabu hiyo aliwajibu wale waliokuwa wakimtupia lawama marehemu.

Pana jambo la kufikiri hapa. Daktari mmoja anayeona kifo kimoja ataamini bahati mbaya. Aliyekusanya vifo hamsini mezani ataona njia moja iliyopitiwa na wengi. Hiyo ndiyo tofauti ya kisa na hesabu, na ndiyo iliyomfanya Snow ahesabiwe kuwa miongoni mwa waasisi wa utafiti wa kitabibu.

Malkia na bomba la maji

Tarehe 7 Aprili 1853 aliitwa kwenye kasri ya Buckingham. Malkia Victoria alikuwa katika uchungu wa mtoto wake wa nane, Leopold. Snow alitumia kitambaa, kwa matone machache sana kila uchungu ulipokuja, kwa muda wa dakika 53. Malkia hakulala kabisa, maumivu yalipungua tu. Hapo utaona mtu anayeijua dawa yake. Kitambaa alichokionya ndicho alichokitumia, kwa kuwa kiasi alichokitia kilikuwa kidogo na alijua anachofanya. Alirudi tena tarehe 14 Aprili 1857, alipozaliwa binti mfalme Beatrice.

Wakati huo walikuwako madaktari na baadhi ya viongozi wa dini waliosema mwanamke hafai kuondolewa maumivu ya kuzaa, na jarida la The Lancet lilipinga vikali habari kwamba Malkia kapewa klorofomu. Lakini Malkia alipokuwa amekwisha kuikubali, wanawake wengi waliona hawana sababu ya kuikataa. Snow mwenyewe hakuitumia ziara hiyo kujitangaza. Aliiandika daftarini pamoja na wagonjwa wengine, akaendelea na kazi.

Kati ya ziara hizo mbili ndipo penye kisa cha kipindupindu. Mwisho wa Agosti 1854 ugonjwa ulilipuka Soho, karibu na mtaa aliokuwa akiishi zamani. Watu zaidi ya 600 walikufa. Madaktari wengi waliamini kipindupindu huletwa na hewa chafu yenye kunuka. Snow, aliyeshinda miaka akipima mvuke, alijua kwamba hewa ikisambaa nguvu yake hupungua, hivyo hakuona vipi harufu imwue aliye mbali na kumwacha aliye karibu. Alichukua orodha ya waliokufa, akaenda nyumba kwa nyumba, akaona wengi walikuwa wakiteka maji bomba la Broad Street. Aliwashawishi wakuu wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mkono wa bomba ukaondolewa. Wakati huo wimbi la ugonjwa lilikuwa limeanza kushuka lenyewe, lakini ushahidi ulikuwa umepatikana.

Ushahidi mkubwa zaidi aliupata kusini mwa London, ambako kampuni mbili ziliuza maji mitaa ile ile. Katika nyumba zilizopata maji machafu ya mto Thames, walikufa watu 315 kwa kila nyumba 10,000. Katika zile zilizopata maji kutoka juu ya mto, yaliyo safi zaidi, walikufa 37. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1869, kipindupindu hicho hicho kilifika Unguja na kuua watu wengi, na James Christie, tabibu wa Sultani, akakusanya habari zake na kuzitolea kitabu mwaka 1876.

Tunakitaja kipindupindu hapa ili msomaji aone kwamba mtu huyu hakuwa na akili mbili. Njia ilikuwa moja: nani kaugua, nani hakuugua, kipi kilichowatofautisha, na yote yaandikwe.

Dawa aliyoiacha

Kama kuna jambo moja la maisha yake linalostahili kusomwa na kila daktari kijana, basi ni kisa cha amilini. Snow alijua klorofomu ina hatari yake, kwa hiyo aliendelea kutafuta dawa bora. Mwishoni mwa mwaka 1856 alianza kutumia amilini. Aliijaribu kwa wanyama kwanza, akaivuta yeye mwenyewe kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akawapa wagonjwa. Ilionekana nzuri. Wagonjwa waliamka upesi na hawakutapika sana. Ingekuwa ndiyo dawa ya jina lake, kama klorofomu ilivyokuwa ya Simpson.

Mwaka 1857 mgonjwa mmoja alimfia mikononi, naye Snow mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpa dawa. Akalitangaza jambo hilo mbele ya wenzake. Baadaye akafa wa pili. Kufikia hapo alikuwa ameitumia kwa wagonjwa 238. Alipiga hesabu yake, akalinganisha na klorofomu, akaiacha amilini moja kwa moja. Hakusema wale wawili walikuwa na mioyo mibovu. Hakusema walikufa kwa hofu. Kipimo alichowapimia wenzake alijipimia mwenyewe.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ulipo uzito wa maisha haya. Ni rahisi kuhesabu wafu wa mwenzako. Kuwahesabu wako, na kuwaandika, ndiko kunakomlinda mgonjwa wa kesho. Hospitali inayoficha vifo vyake haiwezi kujua vilitokana na nini, na isipojua, vitarudi.

Mwisho wake na mabishano yaliyofuata

Tarehe 10 Juni 1858 Snow alikuwa nyumbani kwake mtaa wa Sackville, akimalizia kitabu chake kikubwa juu ya klorofomu na dawa nyingine za usingizi. Alikuwa karibu kufika ukurasa wa mwisho. Ndipo alipopatwa na kiharusi. Alikufa tarehe 16 Juni, akiwa na miaka 45 tu. Alizikwa makaburi ya Brompton. Rafiki yake, daktari Benjamin Ward Richardson, ndiye aliyekitoa kitabu hicho mwaka huo huo, chenye vile visa 50 vya vifo.

The Lancet lilimtolea habari fupi mno. Lilitaja kazi yake ya klorofomu, kipindupindu halikukitaja kabisa. Leo mambo yamegeuka, watu wanakumbuka bomba na kusahau usingizi. Hata pale Soho kuna baa iliyopewa jina lake, yeye ambaye miaka mingi hakugusa kileo.

Hakuna mwanadamu aliyepatia kila kitu, na Snow pia. Mwaka 1911 mtafiti Goodman Levy alionyesha kwamba klorofomu inaweza kuuvuruga moyo hata ikiwa kidogo, hasa mgonjwa anapokuwa hajalala vizuri na mwili umeshtuka. Kwa hiyo si vifo vyote vilivyotokana na mvuke kuzidi. Lakini Snow alikuwa amesema kweli juu ya moyo, na wako waliomkana kwa hasara. Mwaka 1888 na 1889, kwa fedha za Nizamu wa Hyderabad huko India, tume mbili zilifanya majaribio ya wanyama zikasema daktari atazame pumzi tu, moyo hauna hatari. Ubishi huo uliendelea miaka mingi, na klorofomu ikaendelea kutumika huku watu wakifa mmoja mmoja, mpaka dawa salama zaidi zilipoisukuma pembeni katika karne ya 20.

Daftari limefika kwetu

Nusu kaputi ya leo si ile ya Snow. Kuna mashine inayopima hewa anayoivuta mgonjwa, kuna kifaa cha kubana kidole kinachoonyesha oksijeni ya damu, na kuna mapigo ya moyo yanayosikika chumba kizima. Lakini kazi ni ile aliyoianzisha yeye: kujua kiasi unachompa, kumtazama bila kuondoka, na kuandika.

Na hesabu ile ile imefika hadi nchi za Waswahili. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya kukaguliwa kabla ya upasuaji, ilijaribiwa katika hospitali nane za dunia, na moja ilikuwa Ifakara, Tanzania. Ni mambo ya kawaida tu. Timu itaje jina la mgonjwa, ihakikishe ni upande gani wa mwili utakaopasuliwa, iulize dawa inayomdhuru, ihesabu vitambaa na vyombo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8.

Mwaka 2018 ukatolewa utafiti mwingine, wa nchi 25 za Afrika, uliofuatilia wagonjwa 11,422. Ulionyesha kwamba mgonjwa wa Afrika ana uwezekano maradufu wa kufa baada ya upasuaji kuliko wastani wa dunia, ijapokuwa wengi wao walikuwa vijana zaidi na wenye afya bora kabla ya kupasuliwa. Na vifo vingi havikutokea chumba cha upasuaji. Vilitokea siku za baadaye, wodini, ambako wauguzi ni wachache na mgonjwa anayebadilika usiku huenda asionekane mpaka asubuhi. Bila hesabu hiyo tungeendelea kuiogopa sindano peke yake, kumbe hatari kubwa imekaa kitandani baada ya upasuaji.

Basi tukipata mgonjwa wa kupasuliwa, tuna sehemu yetu katika daftari hilo. Akiambiwa asile wala asinywe, asipewe hata uji kwa huruma ya shangazi, maana chakula kikirudi kooni akiwa usingizini huingia mapafuni. Anayekuja kuuliza maswali kabla ya upasuaji aambiwe kweli: dawa za hospitali na za miti shamba anazotumia, pumu, jino linalocheza, miraa au muguka anaotafuna, na kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kupata shida na nusu kaputi. Hayo si maswali ya kupekua siri za watu. Na akirudi wodini, asiachwe bila mtu wa kumwangalia pumzi na kumwita muuguzi.

Nasi tuna haki ya kuuliza. Je, hospitali zetu za kaunti huandika waliopasuliwa, walioamka na wasioamka, na wale waliorudi nyumbani wakafa wiki iliyofuata? Je, kuna mtu anayeyasoma maandishi hayo mwisho wa mwezi na kutafuta sababu? Mtoto wa kibarua wa York alifanya hivyo peke yake, kwa kalamu na wino, wagonjwa zaidi ya 4,000. Kwetu lisiwe jambo la kuombwa kwa upole.